Chogo la Nyumbani, Flati au TV ya Sola: Ipi Ikae Sebuleni Kigoma?

Nyumba nyingi za Kigoma, kuanzia Ujiji na Mwanga hadi Kasulu na Kibondo, bado zina TV ya chogo, ile nene yenye mgongo na kioo cha tyubu. Nyingine huwashwa kila jioni, nyingine imegeuka meza ya kuwekea redio, nyingine imefunikwa kanga chumbani kwa bibi. Watoto waliokaa mkekani mbele yake, wakibishana nani atoke nje akageuze antena, leo ndio wanaotuma fedha nyumbani. Wakija likizo, swali ni lilelile: tumtengenezee mzee TV yake, tumnunulie flati, au tumletee hizi ndogo za sola?

Msimamo wetu tunautaja mapema. Anza na umeme uliopo nyumbani, kisha kagua tyubu ya picha ya chogo, kisha ndipo ufikirie ukubwa wa kioo. Anayeanza na ukubwa hujikuta na flati ya inchi 43 katika nyumba yenye betri moja ya sola, na flati hiyo itawaka saa moja na nusu kisha izime katikati ya taarifa ya habari.

Je, chogo lenyewe ni zima?

Vituo vya televisheni Tanzania Bara vilianza kurusha matangazo mwaka 1994, na Televisheni ya Taifa ikafuata mwaka 2000; Zanzibar ilitangulia tangu 1973. Ndiyo maana chogo la familia hapa kwetu mara nyingi ni la mwishoni mwa miaka ya 1990 au miaka ya 2000: la rangi, inchi 14 au 21, lina matundu ya AV (ya waya za picha na sauti), na mengi yake yanakubali umeme kuanzia volti 90 hadi 260. Sifa hizo mbili za mwisho ndizo zinazolifanya litumike hata leo. Matundu ya AV yanapokea king'amuzi, na uwezo wa kuvumilia volti zinazopanda na kushuka ni jambo ambalo baadhi ya flati za bei ya chini haziliwezi vizuri.

Kitu cha kwanza kukijua ni kwamba chenga si ubovu. Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kisha mikoa mingine ikafuata kwa awamu. Tangu hapo antena ya zamani peke yake haina cha kukamata. Chogo likiwaka, likaonyesha chenga na kutoa ule mlio wa mvua ya mchanga, maana yake sehemu kubwa ya mashine ni nzima: umeme unaingia, tyubu inawaka, sauti ipo. Machogo mengi yaliingizwa stoo kipindi kile yakihesabiwa yamekufa, kumbe kilichokufa ni matangazo.

Lililokaa stoo miaka mingi lisiwashwe siku hiyohiyo. Liweke chumba kikavu siku mbili tatu. Fundi alifungue, apulize vumbi, atoe viota vya mende na mizoga ya mijusi, maana mjusi mmoja aliyekaukia juu ya bodi anatosha kuunguza sehemu ya umeme mara plagi ikiingia. Wakati wa kuliwasha, mtu akae karibu nusu saa nzima. Harufu ya kuungua au mlio wa kupasuka-pasuka, chomoa.

Sasa tyubu. Liwashe likiwa limepoa, utazame uso wa mtu, si katuni wala maandishi. Tyubu nzima hutoa picha yenye mwanga kamili ndani ya sekunde 15 hadi 20. Ikiwa baada ya dakika kumi picha bado ina kiza, na ukiongeza mwanga sehemu nyeupe za uso zinageuka rangi ya fedha na kuchuruzika pembeni, tyubu imechoka. Hapo usitengeneze. Hakuna kifaa cha kubadilisha kitakachorudisha nguvu hiyo kwa gharama inayolingana na thamani ya TV.

Lakini kuna hali inayofanana nayo, na ndiyo inayowaponza wengi. Picha ina mwanga wa kutosha ila ina ukungu, kama mtu amepumulia kioo, kisha baada ya dakika kumi na tano inajisafisha yenyewe. Hiyo kwa kawaida si tyubu. Ni soketi ya tyubu, kile kipande cha plastiki kilichovishwa kwenye shingo ya kioo kikiwa kwenye bodi ndogo. Ndani yake mna njia ya volti za fokasi, zile zinazonoa picha. Unyevu ukiingia na chuma kikashika kutu, volti zinavuja mpaka joto likaushe. Nyumba za karibu na ziwa hukumbwa na hali hii zaidi msimu wa mvua. Soketi ni spea ndogo, na kazi yake ni kufungua, kunyonya risasi ya zamani, kuweka mpya na kulehemu pini zake. Usikubali hukumu ya "tyubu imekwisha" kabla soketi haijabadilishwa.

Dalili nyingine tuzipitie haraka. Mstari mmoja mweupe uliolala katikati ya kioo: saketi ya kutandaza picha juu na chini imekatika, mara nyingi ni jointi iliyokauka (kiungo cha risasi kilichoachia) au IC yake (chipu), punguza mwanga au uzime kabisa, maana mstari huo unaunguza kioo na alama haitoki. Picha imejikunja juu au imepungua kimo: kapasita (vile vipande vinavyohifadhi chaji) za saketi hiyohiyo zimekauka. Madoa ya kijani au zambarau kwenye pembe: spika kubwa imesogezwa karibu, au kile kifaa cha kuondoa usumaku kinachofanya kazi TV inapowashwa kimekufa. Kioo kizima chekundu au cha bluu chenye mistari myembamba: anza na bodi ya shingo, kisha ndipo tyubu. Haliwaki kabisa: fundi atazame fyuzi. Ikiwa kioo cha fyuzi kimekuwa cheusi, kuna shoti mbele yake, na kuweka fyuzi mpya bila kutafuta shoti ni kuipoteza fyuzi hiyo pia.

Onyo moja halina mjadala. Ndani ya chogo la inchi 21 mna volti zipatazo 25,000 zinazoingia kwenye tyubu kupitia kile kikombe cha mpira mweusi, na tyubu inaweza kubaki na chaji muda mrefu baada ya plagi kuchomolewa. Kijana wa nyumbani asifungue kwa bisibisi ya jikoni. Na tyubu ambayo shingo yake imepata ufa, hata mdogo, utaijua kwa lile doa la kung'aa ndani ya shingo: likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia, na habari ya chogo hilo imeisha.

Vitatu hivi vikisimama pamoja

Jedwali hili linachukua matumizi ya saa 5 kwa siku, mwezi wa siku 30, bila king'amuzi.

| | Chogo inchi 21 | Flati ya LED inchi 32 | TV ya sola inchi 19–24 |
|---|---|---|---|
| Umeme ikiwaka | wati 70–100 | wati 40–55 | wati 10–25 |
| Uniti kwa mwezi | 10–15 | 6–8 | 2–4 |
| Uzito | kilo 20–25 | kilo 4–5 | kilo 2–4 |
| Umeme unaotakiwa | wa ukutani | wa ukutani | volti 12 za betri; nyingine na ukutani pia |
| Inavyounganishwa | AV, antena | HDMI, antena, AV kwa baadhi | HDMI, antena, AV kwa nyingi |
| Kinachotangulia kufa | kapasita, jointi, flaibeki (transfoma ya volti kubwa) | taa za nyuma | taa za nyuma, plagi ya volti 12 |
| Mikanda ya zamani | picha nzuri zaidi | inaonekana, ina ukungu | inaonekana, ina ukungu kiasi |

Jedwali linaficha mambo mawili. La kwanza ni king'amuzi. King'amuzi cha wati 12 kikiachwa kinawaka usiku na mchana kinakula karibu uniti 9 kwa mwezi, zaidi ya flati yenyewe. Chogo nalo likizimwa kwa rimoti tu linaweza kuendelea kuvuta wati 5 hadi 10 huku taa nyekundu ikiwaka, na hizo kwa mwezi ni uniti 3 hadi 6 za bure. Zima kwa kitufe cha mbele au kwenye soketi ya ukutani. Familia inayolalamika kuwa chogo linakula LUKU ianze na hapo.

La pili ni ukubwa wa picha. Matangazo ya sasa ni ya umbo pana. Chogo la inchi 21 lina umbo la karibu mraba, kwa hiyo king'amuzi kikionyesha picha nzima, juu na chini hubaki mistari myeusi. Kipimo cha kioo kinachoonekana ni takriban sentimita 51 kutoka pembe hadi pembe, upana sentimita 41. Picha pana ndani ya upana huo inakuwa na kimo cha sentimita 23. Hiyo ni picha ya inchi 18 na nusu. TV ya sola ya inchi 19, ambayo dukani inaonekana kama kichezeo, inaonyesha mpira kwa ukubwa uleule wa chogo la sebuleni. Anayekataa TV ya sola kwa hoja ya udogo apime kwanza kwa futikamba.

Umeme ndio unaoamua

Kabla ya kuunganishwa na gridi ya Taifa, mji wa Kigoma uliendeshwa kwa majenereta ya dizeli. Gridi imeleta nafuu, lakini nyumba zilizo mwisho wa laini, na vijiji vya mwambao vinavyofikiwa kwa boti, bado vina hesabu yake. Tugawe hali tatu.

Penye umeme wa ukutani uliotulia, chaguo lolote linafanya kazi, na uamuzi unabaki kwenye tyubu na mapenzi ya wenye nyumba.

Penye umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, adui ni ile sekunde ya kurudi. Volti hupanda ghafla, na kapasita kubwa ya bodi ya umeme ndiyo inayopokea pigo. Weka gadi ya TV inayokata volti zikizidi kiwango na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme. Kwa chogo gadi ni busara. Kwa flati ni lazima. Radi nayo, kuanzia Oktoba au Novemba hadi mwanzoni mwa Mei, huingia kwa milango miwili: waya wa umeme na waya wa antena au dishi. Wengi huchomoa plagi na kuusahau ule wa dishi, kisha king'amuzi kinaungua na tundu la HDMI la flati pamoja nacho. Chomoa vyote viwili, mawingu yakianza kujikusanya na si baada ya ngurumo ya kwanza.

Penye sola tu, fanya hesabu kabla ya kwenda dukani. Tunachukua TV na king'amuzi cha wati 12, saa 5 kila usiku, betri ya maji au jeli isiyoshushwa chini ya nusu, na inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) inayopoteza asilimia 15.

TV ya sola ya wati 15 haihitaji inveta. Jumla ni wati 27, yaani wati-saa (Wh) 135 kwa usiku. Betri ya ampea-saa (Ah) 26 hadi 30 inatosha, ya Ah 40 inakuvusha siku ya mawingu. Paneli ya wati 50 inatosha kiangazi. Masika chukua ya wati 80.

Flati ya LED ya wati 50 kupitia inveta inafika Wh 365 hivi. Hapo unataka betri ya Ah 75 hadi 100 na paneli ya wati 120 hadi 150.

Chogo la wati 85 linafika Wh 570. Betri ya Ah 100 inalibeba kwa taabu bila akiba yoyote. Sahihi ni Ah 150 na paneli ya wati 200. Tena inveta ndogo ya wati 150 italizima papo hapo ingawa hesabu inasema linatosha humo. Sababu ni koili ya kuondoa usumaku iliyozungushwa nyuma ya kioo, ambayo hunyonya umeme mwingi kwa sekunde chache TV inapowashwa. Weka inveta ya wati 300 au zaidi. Kwa ufupi, kulisha chogo kwa sola kunagharimu paneli na betri mara tatu hadi nne ya TV ya volti 12, na betri ndiyo inayouma mfuko kila inapokufa.

TV ya volti 12 nayo ina masharti yake. Waya mwembamba ndio chanzo kikuu cha malalamiko. Betri ikiwa chumba cha pili, mita 10 za waya wa milimita moja ya mraba zinapoteza karibu volti 0.8 kwa mzigo huu, na TV inaanza kujizima na kujiwasha sauti inapopandishwa. Tumia waya wa milimita 2.5. Hakikisha chanya na hasi kabla ya kuchomeka. Zikigeuzwa, TV nyingi huungua dakika ya kwanza tu. Na usiunganishe king'amuzi moja kwa moja kwenye betri kwa kuwa adapta yake imeandikwa volti 12. Mchana paneli inapochaji, betri hupanda hadi volti 14 na zaidi. TV ya sola imetengenezwa kuvumilia, king'amuzi huenda hakikutengenezwa hivyo. Weka kidhibiti cha volti 12 katikati.

Flati: mpya au mtumba?

Si kila flati inakula umeme kidogo. Flati za kizazi cha kwanza, zile nene zenye taa za nyuma za mirija badala ya LED, za inchi 32 zinaweza kuvuta wati 120 hadi 150. Hiyo inazidi chogo. Plazima ya inchi 42 inapita wati 200 kirahisi. Soma kibandiko cha nyuma, kisiposomeka, iache. Angalia pia volti. Flati za mtumba kutoka Japani zimetengenezwa kwa volti 100 tu, zikichomekwa kwenye 230 zinaungua, na kipokezi chake cha antena hakielewi mfumo wa dijitali unaotumika hapa.

Mtumba lazima uwashwe dukani kwa nusu saa. Weka picha nyeupe tupu, ndipo madoa meusi na kona zenye kiza zitakapojitokeza. Chungulia kwa ubavu. Kioo kilichopata ufa kwa ndani hakionekani TV ikiwa imezimwa, kwa hiyo usimlipe mtu kwa kuangalia kioo cheusi kinachong'aa.

Ugonjwa wa flati za LED ni mmoja kuliko yote: sauti ipo, picha hakuna. Zima taa za sebule, umulike kioo kwa tochi kwa karibu na kwa pembe. Ukiona watu wanatembea kwa kiza, picha ipo na taa za nyuma zimekufa. Taa hizo zimefungwa kwa mfuatano kwenye vipande virefu, moja ikikatika zote zinazima. Fundi mwadilifu atabadilisha seti nzima, kwa sababu zile zilizobaki zina umri uleule, na ukibadilisha moja utarudi kwake baada ya muda mfupi. Kazi ngumu si taa bali kukiinua kioo: ni chembamba, na kikishikwa pembe moja kinapasuka. Mwulize fundi mapema nani anabeba hasara kioo kikipasuka. Ukinunua mpya, siku ya kwanza ingia kwenye menyu ushushe mwanga wa taa za nyuma hadi asilimia 60 au 70. Kiwandani huwekwa juu ili ing'ae dukani, na joto hilo ndilo linaloziua.

Kuunganisha chogo na king'amuzi

Njano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti. Chogo lenye tundu moja la sauti lipewe nyeupe, kisha katika menyu ya king'amuzi weka sauti ya mono usipoteze nusu ya maneno. Weka umbo la picha 4:3, uchague lile linaloacha mistari myeusi, la sivyo matokeo ya mpira kwenye kona yatakatwa. Picha ikitoka nyeusi na nyeupe, king'amuzi kimewekwa mfumo wa rangi wa NTSC, kipeleke PAL.

Chogo kongwe lisilo na matundu ya AV halijafika mwisho kama nyumbani kuna deki ya video. Chomeka king'amuzi kwenye AV IN ya deki, toa waya wa antena kutoka RF OUT ya deki hadi tundu la antena la TV, washa deki, kisha tafuta chaneli kwenye UHF, kwa kawaida kati ya 30 na 39. Picha ikija safi na sauti ikakoroma, badilisha mfumo wa sauti kwenye menyu ya TV kati ya B/G, I na D/K mpaka itulie.

Anayefunga dishi la setilaiti iliyo nyuzi 7 mashariki, ambako Azam TV iko, akiwa Kigoma mjini atazame magharibi, kaskazini kidogo: dira nyuzi 281 hivi, mwinuko nyuzi 63. Maana yake dishi linaelekea ziwani na juu sana. Mchikichi au mwembe haukusumbui mpaka uwe karibu mno. Mti unaozidi dishi kwa mita 8 unakuwa kizuizi ukiwa ndani ya mita 4 tu. Kabla ya kukata mti wa jirani, pima.

Mikanda, deki na michezo ya utotoni

Hapa chogo lina nguvu ambayo flati haina. Mikanda ya harusi, ubatizo na maulidi iliyorekodiwa miaka ile ilitengenezwa kwa kioo cha aina hii. Kwenye flati picha hiyohiyo inavutwa kujaza kioo kikubwa na inaonekana ina ukungu na meno pembeni ya watu. Zile bastola za michezo ya TV zilizopiganiwa na watoto wa miaka ya 2000 hazifanyi kazi kabisa kwenye flati, kwa kuwa zinasoma jinsi chogo linavyochora mwanga kioo kizima.

Lakini usilitunze chogo kama ghala la kumbukumbu. Kampuni kubwa ya mwisho ya kutengeneza deki za VHS, Funai ya Japani, iliacha kuzitengeneza mwaka 2016, na mkanda wenyewe huota ukungu kwenye hewa yenye unyevu. Ukiona unga mweupe pembeni mwa utepe, usiuingize kwenye deki; utachafua hedi (kisomaji cha deki) na kuambukiza mikanda mingine. Mikanda iliyo safi ihamishwe sasa: deki, kifaa kidogo cha USB cha kunasa picha, kompyuta. Kwanza vunja kile kipande cha plastiki cha ubavuni ili usirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Saa moja inachukua takriban GB 2 kwa ubora wa kutosha. Mkanda wa saa tatu ni GB 6. Weka nakala mbili katika vifaa viwili, kimoja kikae kwa ndugu mwingine. Kazi hii ifanyike kabla ya kuamua lolote kuhusu TV.

Kabati, watoto na safari

Kabati la zamani lilichongwa kwa chogo: tundu la upana wa sentimita 60 na kina cha 50. Flati ya inchi 32 ina upana wa sentimita 73 hivi, haiingii. Ya inchi 24, yenye upana wa sentimita 55, inaingia. Familia inayotaka kabati la mzee libaki kama lilivyo ichukue ya inchi 24.

Kitambaa cha kufuma juu ya chogo kipunguzwe nyuma. Matundu ya hewa yapo pale, na likikosa pumzi kapasita zinapikwa. Chogo lisikae juu ya stuli au droo ambayo mtoto anaweza kuipanda, maana uzito wake wote uko mbele kwenye kioo na huanguka kumwelekea mtoto. Flati ya ukutani ifungwe kwa skrubu ndefu zenye plagi. Kwenye ukuta wa tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo, lenga tofali yenyewe, usilenge jointi.

Flati inayokuja kwa treni au basi isimame wima ndani ya boksi lake, isilazwe hata kidogo. Kwenye boti za kwenda vijiji vya mwambao, ifungwe kwa nailoni kwanza.

Nani achukue ipi

Wazazi wenye umeme wa ukutani, chogo lenye tyubu nzima na ugonjwa wa soketi, kapasita au jointi: tengeneza, ongeza gadi, weka king'amuzi. Mzee anavijua vitufe vyake na sauti ya spika yake ni nene kuliko ya flati. Spika za flati nyingi zinatazama chini au nyuma na masikio ya wazee hayazipati vizuri.

Flaibeki imekufa, tafuta spea ya namba ileile kwanza. Isipopatikana Kigoma wala Tabora, usikubali kubandikiwa inayokaribiana. Nunua flati ya LED ya inchi 32, mpya, yenye HDMI mbili na AV ikiwezekana.

Nyumba ya sola, bila kujali hali ya chogo: TV ya volti 12. Hata chogo likitengenezwa bure, betri italigharimu.

Familia yenye wajukuu, mikanda na umeme mzuri inaweza kuweka vyote: flati sebuleni, chogo la inchi 14 chumba cha pili kwa deki.

Na chogo lisilotengenezeka lisivunjwe wala kutupwa korongoni. Kioo chake kina madini ya risasi, na tyubu haina hewa ndani, ikipigwa jiwe inalipuka na kurusha vigae usoni. Mpelekee fundi likiwa halijavunjwa. Atatoa flaibeki, spika, soketi ya shingo na bodi kwa ajili ya chogo la mtu mwingine. Mpe na rimoti yake.